Ng'ombe wa chuma katika baraza la Rumanyika

Ndugu msikilizaji, na wewe uliyeikosa redio na unayasoma mazungumzo haya gazetini, leo tuzungumze juu ya mapambo ya ukumbi wa wageni. Usidhani nimeishiwa la kusema. Ukumbi wa wageni ni mahali ambapo mwenye nyumba humwambia mgeni yeye ni nani kabla hajafungua kinywa. Ndiyo maana bibi zetu walificha sufuria nyeusi na kutoa vikombe vya maua mgeni alipobisha hodi. Na ndiyo maana hoteli kubwa hutumia fedha nyingi kwenye ule ukumbi wa mapokezi kuliko kwenye vyumba vya kulala.

Ingia hoteli yoyote kubwa ya Dar es Salaam, Arusha au Mwanza. Utapokewa na vinyago vya mpingo. Utakuta ile nguzo ya watu waliobebana mabegani, tuliyozoea kuiita ujamaa. Utakuta shetani mwenye jicho moja na mdomo wa upande. Ukutani utakuta ndege na chui wa rangi kali, kazi ya wanafunzi na wajukuu wa Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Sina ugomvi na kazi hizo hata kidogo. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alipewa heshima Marekani na Ulaya wakati sisi wenyewe tulikuwa bado tunavipita vinyago vyake kama tunavyopita magunia ya mkaa. Lakini tukumbuke pia kwamba vinyago vya shetani tunavyovijua si vya kale sana. Vilianza kuonekana Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, mkononi mwa mchongaji Samaki Likankoa, na mfanyabiashara Mohamed Peera akavinunua na kuvitafutia soko. Ni sanaa hai, yenye akili, lakini ililelewa na duka. Mnunuzi alikuwa mgeni, na mgeni ndiye aliyeamua kipi kiendelee.

Miezi michache iliyopita nilikuwa nimeketi katika ukumbi wa namna hiyo, hoteli siitaji. Nikamwuliza kijana wa mapokezi kama miongoni mwa vile vinyago kuna hata kimoja kutoka mkoa wa Kagera. Alinijibu kwa adabu zote, "Mzee, Kagera si kuna kahawa na senene?" Tukacheka wote wawili. Kijana hana kosa. Amefundishwa, kama tulivyofundishwa sisi, kwamba Mmakonde anachonga, Mmasai anavaa shanga, na watu wa upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria wana ndizi. Basi jibu ambalo sikumpa yeye nitawapa ninyi leo.

Jibu lenyewe linaanza Novemba 1861. Mwingereza John Hanning Speke, pamoja na mwenzake James Grant, walifika Karagwe wakitokea Tabora, ambayo siku zile waliiita Kaze. Walikuwa wamechoka, wametozwa hongo na kila mtemi njiani, na mguu wa Grant ulikuwa karibu kumlaza chini kwa miezi. Mji mkuu wa Karagwe ulikuwa Bweranyange, jina ambalo Speke aliliandika kwa namna yake, Weranhanja, kwa sababu masikio ya mgeni yana matatizo yake. Mfalme, au Omukama kama Wanyambo wasemavyo, alikuwa Rumanyika Orugundu, mwana wa Ndagara. Aliwapokea kwa upole, akawauliza habari za safari, akawapa chakula, na hakudai hongo. Grant alipougua, alimweka kwake hadi Aprili 1862, wakati Speke alikuwa ameshatangulia Buganda kwa Mutesa.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Rumanyika alikuwa na baraza, na Speke anatumia neno hilo hilo la Kiswahili. Anaeleza kwamba lilijengwa kwa msaada wa watu wa Musa Mzuri, yule tajiri Mhindi wa Tabora ambaye alimsaidia Rumanyika katika vita dhidi ya ndugu yake Rogero. Ndani ya nyumba ya mfalme palikuwa na vitu vya ajabu vimechomekwa ardhini kwa mstari. Vilikuwa ndoano kubwa za shaba, mikuki, na vijing'ombe vya chuma vilivyofuliwa kwa ustadi. Speke aliviona. Akaandika mistari michache, akapita. Alikuwa na haraka ya kwenda kutafuta chanzo cha Mto Naili, na alichokieleza kwa kirefu zaidi, hata kikawachekesha wasomaji wa London, ni unene wa wanawake wa nyumba ya kifalme, ambao mmoja wao alimpima kwa utepe kama fundi cherehani. Miaka zaidi ya 160 imepita, na mpaka leo ukitaja Karagwe kwa mzungu aliyesoma, atakutajia wale wanawake. Vijing'ombe hatavitaja.

Aliyetazama kwa makini zaidi ni Henry Morton Stanley, ambaye sipendi mambo yake mengi lakini macho alikuwa nayo. Alifika Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ndani ya Karagwe, mwishoni mwa Februari 1876, na Rumanyika, ambaye sasa alikuwa mzee, akamkubalia kuingia katika nyumba ya hazina. Ilikuwa msonge mkubwa ulioezekwa vizuri, na Stanley alihesabu. Bata wa shaba ya manjano wenye mabawa ya shaba nyekundu walikuwa 16. Wanyama mfano wa pofu walikuwa 10. Ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, 10. Halafu miundu ya chuma iliyomshangaza kwa uzuri, mikuki ya ncha mbili, mikuki ambayo mpini wake wote ni mnyororo wa chuma, mapanga mapana ya makali ya kutisha, migwisho ya mikono ya chuma, vitambaa vya nyasi vilivyotiwa rangi nyeusi na nyekundu, na vyombo vya mbao vya maziwa.

Kando ya hayo yote, kulikuwa na zawadi za wageni. Kulikuwa na masinia makubwa ya shaba kutoka kwa Waarabu, bunduki ambayo Speke alimwachia mfalme, na mifuniko kadhaa ya mabakuli ya supu ya Kiingereza. Naam, mifuniko bila mabakuli. Stanley alitabasamu kidogo kwa hiyo mifuniko, na mimi nilitabasamu nilipoisoma. Lakini hebu tujiulize, ni nani kati yetu hana kabatini sahani ya ukumbusho yenye picha ya daraja la mji ambao hajawahi kufika? Rumanyika alikuwa anafanya kile ambacho hoteli zetu hufanya wanapotundika picha ya rais wa nchi fulani aliyewahi kulala pale. Alikuwa anasema: wakubwa wa mbali wanapita kwangu.

Shaba yenyewe ilifika kwa masango, yale mapindi ya waya yaliyobebwa vichwani na wapagazi kutoka pwani kupitia Tabora, kwa kubadilishana na pembe za ndovu. Waya wa mgeni ukayeyushwa au ukagongwa, ukawa bawa la bata. Hilo peke yake lingetosha kuwanyamazisha wanaosema Mwafrika wa bara alikuwa anapokea tu.

Chuma kilikuwa chao wenyewe, na hapo ndipo pana utamu. Mkoa wa Kagera, ambao hadi mwaka 1979 uliitwa Ziwa Magharibi, ni moja ya sehemu za Afrika zenye historia ndefu ya kuyeyusha chuma. Mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt alichimba Katuruka na sehemu za Kemondo kwa Wahaya, akakuta mabaki ya tanuri za kiasi cha miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1976 aliwakusanya wazee waliokuwa bado wanakumbuka kazi hiyo, ambayo ilikuwa imekufa tangu majembe ya viwandani yalipojaa madukani, akawaomba wajenge tanuri na kuyeyusha tena. Wazee wakachimba shimo, wakachoma matete ya bondeni ndani yake, wakajenga tanuri ya udongo juu, wakaingiza midomo mirefu ya udongo ya mivukuto hadi ndani kabisa, wakavukuta kwa zamu. Joto lilipita nyuzi 1,300. Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo mwaka 1978 katika jarida la Science la Marekani, wakadai kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya ile midomo kabla haijafika kwenye mkaa, ufundi ambao Ulaya iliupata katika karne ya 19. Wataalamu wengine walibishana nao sana juu ya hilo la hewa. Ubishi wao si wetu leo. Kwetu inatosha kwamba wazee walivukuta na chuma kikatoka.

Chuma cha namna hiyo hakimiminwi katika kalibu kama shaba. Hutoka tanurini kama bonge lenye taka, likapigwa, likarudishwa motoni, likapigwa tena. Sasa fikiria mhunzi anayetaka kutoa ndani ya bonge hilo ng'ombe mwenye miguu minne myembamba na pembe ndefu zilizopinda kama za ng'ombe wa Karagwe mwenyewe. Kila pindi lazima lipatikane kwa nyundo, chuma kikiwa chekundu, kwa muda usiotosha kuvuta pumzi mbili. Akichelewa, pembe inavunjika. Huyo hakuwa fundi wa majembe aliyejaribu bahati siku ya mapumziko. Hiyo ni kazi ya mtu aliyelishwa na ikulu ili afanye hilo peke yake.

Na kwa nini ng'ombe, na kwa nini wa chuma? Masimulizi ya Karagwe yanamhusisha Ndagara mwenyewe na kazi ya uhunzi. Mfalme mhunzi si jambo geni katika nchi za Maziwa Makuu. Nchini Rwanda, mwaka 1969, kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipochimbuliwa na Francis Van Noten, zilikutwa nyundo za chuma karibu na kichwa cha marehemu. Hamo Sassoon, aliyepata kuwa mhifadhi wa mambo ya kale wa Tanzania na baadaye akawa Fort Jesus, Mombasa, aliandika mwaka 1983 katika jarida Azania juu ya wafalme, ng'ombe na wahunzi, akiviweka vitu vya enzi vya Karagwe katikati ya hoja yake. Mwaka 1995 Andrew Reid na Scott MacLean walirudi kwenye chuma hicho hicho cha Karagwe na maana zake. Kwa kifupi wanatuambia kwamba mle ndani ya nyumba ya mfalme hapakuwa na mapambo ya kupendeza macho tu. Palikuwa na maelezo ya utawala.

Nitaeleza ninavyoelewa mimi. Katika nchi ile mali kubwa zilikuwa mbili. Kulikuwa na ng'ombe, ambao walikuwa heshima ya wafugaji, na kulikuwa na jembe, ambalo lilitoka kwa mhunzi na kwenda kwa mkulima. Mfugaji na mkulima waliitana majina, na majina yale hayakuwa sawa kwa heshima. Ukoo wa Abahinda uliotawala Karagwe unasimulia kwamba mwanzilishi wao, Ruhinda, aliuchukua utawala kutoka kwa Nono, mwana wa Malija, wa ukoo wa Abasita. Yaani hata hadithi ya kiti chenyewe inakubali kwamba kulikuwa na wenyeji kabla. Sasa mfalme wa ukoo wa wenye ng'ombe anamwagiza mhunzi afue ng'ombe kwa chuma. Ng'ombe wa mmoja anazaliwa na moto wa mwingine. Anasimamishwa barazani, na kila anayekuja kuamkia, awe na fimbo ya kuchungia au awe na jembe begani, anamwona. Ukimgawa yule ng'ombe ili kila upande uchukue chake, hakuna kinachobaki mkononi.

Hapa naomba uniazime sikio kidogo, maana ndipo jambo hili linapoacha kuwa la vinyago. Katika nyumba hiyo hiyo, mbele ya vijing'ombe hivyo hivyo, Speke alizungumza na Rumanyika juu ya asili ya watawala wa nchi zile. Alipochapisha kitabu chake mwaka 1863, aliweka humo sura nzima akidai kwamba Wahuma wafugaji ni uzao wa watu waliotoka Uhabeshi, weupe zaidi kwa asili, waliokuja kuwatawala wenyeji weusi. Hakuwa na ushahidi. Alikuwa na Biblia, alikuwa na sura za watu alizozipenda na alizozichukia, na alikuwa na muda wa jioni. Rumanyika alikuwa mwenyeji mwenye adabu, na mwenyeji mwenye adabu hambishii mgeni kila neno. Nadharia hiyo ilipanda meli ikaenda Ulaya, ikavaa koti la sayansi, ikarudi na Wajerumani na Wabelgiji, ikaingia mashuleni, na nchini Rwanda ikaandikwa katika vitambulisho miaka ya 1930.

Mwaka 1994 tuliona ilikofika. Watu wa Karagwe hawakuhitaji kusoma gazeti, kwa sababu mto unaowatenganisha na Rwanda ni Kagera, na mto huo ulileta maiti. Wakimbizi walivuka kwa maelfu, na kambi zikajengwa Karagwe, nchi ile ile ambayo hadithi ya Speke ilizaliwa. Miti ya kuni iliisha vilimani. Wakimbizi wa Rwanda walibaki hadi Desemba 1996, serikali yetu ilipowataka warudi kwao. Sisemi kwamba Speke aliua watu. Waliopanga na kuua wanajulikana na baadhi yao walihukumiwa Arusha. Ninachosema ni kwamba mgeni aliingia katika ukumbi ambamo jibu lilikuwa limesimama kwa miguu minne mbele yake, akalipita, akaenda kuandika kinyume chake.

Yaliyofuata Karagwe nitayapita haraka, maana ni machungu na yanafanana na ya kwingine. Rumanyika alifariki miaka michache tu baada ya Stanley kuondoka, na wanawe na ndugu zao wakauana kwa kugombea kiti, kile kiti ambacho Rumanyika mwenyewe alisimulia kwamba alikipata kwa kuinua ngoma ndogo ya enzi iliyowashinda ndugu zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ikafagia ng'ombe. Wale wa nyama na damu walikufa malishoni, wale wa chuma wakabaki ndani. Wakaja Wajerumani, kisha Waingereza, na mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu. Profesa wetu Israel Katoke aliyaandika mengi ya haya katika historia yake ya ufalme wa Karagwe iliyochapishwa mwaka 1975. Kila mwenye kujali nchi hii angepaswa kukisoma kitabu hicho, lakini nenda dukani ukakiulizie, kisha unipigie simu.

Siku hizi jina la Rumanyika limebaki juu ya vibao vya barabarani, kwa sababu mwaka 2019 pori la akiba lililokuwa na jina lake lilipandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, sambamba na Ibanda-Kyerwa iliyo jirani. Kyerwa yenyewe ilikatwa kutoka Karagwe mwaka 2012 ikawa wilaya. Watalii wanatarajiwa, na watalii wakitarajiwa, hoteli hujengwa, Kayanga, Bukoba na kwingineko. Tayari nawaona wenye hoteli wakiagiza twiga wa mpingo kutoka Mwenge kwa lori, wamweke mapokezi, huku Karagwe ambako kumbukumbu ya sanaa ni ng'ombe na bata.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa na nchi yake wakati wa Maji Maji, na mazungumzo ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa yakapata nguvu. Hilo ni jema na lisichelewe. Lakini kitu kikirudi leo kutoka Berlin, kitapelekwa makumbusho, kitafungiwa ndani ya kioo, na wanafunzi watapitishwa mbele yake mara moja kwa mwaka wakiwa na njaa. Baraza ni kitu kingine. Katika baraza mtu hukaa, husubiri, huzungumza, na kitu kilicho mbele yake humwingia pole pole.

Wahunzi wapo. Katika masoko ya nchi hii bado utawakuta wakifua visu na miundu kwa springi za magari mabovu, mvukuto ukipigwa na mtoto au na gurudumu la baiskeli. Springi ya lori ni chuma bora kuliko bonge lolote lililotoka katika tanuri la udongo. Mwenye hoteli na aende kwa mmoja wao na mchoro mkononi, amlipe siku zake vizuri kama anavyomlipa fundi wa viyoyozi, asimharakishe, amwambie anataka ng'ombe 10 wa pembe ndefu na bata 16. Idadi iwe ile ile aliyohesabu Stanley. Bata wawe na mabawa ya shaba nyekundu, na waya wa shaba siku hizi haubebwi kichwani kutoka pwani, upo kila duka la umeme. Wachomekwe kwa mstari mbele ya meza ya mapokezi, na kijana wa mapokezi afundishwe jina la Ndagara, ili mzee mwingine mwenye maswali akija asijibiwe kwa senene.

Wiki ijayo, Mungu akitujalia, nitaendelea na habari za masango na wapagazi wa Tabora. Kwa leo, kwaherini.